Dalali na Mnunuzi wa Nyumba ya Kwanza

Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Mombasa, na kuchapishwa kwa idhini ya Halmashauri



Halmashauri ilituagiza tuandike maneno machache juu ya jambo ambalo mwaka huu limeletwa mbele yake mara nyingi kuliko jambo lingine lolote, nalo ni ununuzi wa nyumba. Hapo zamani, waliokianzisha Chama hiki walikuwa na haja tatu: kumzika aliyefia ugenini, kumtazama mgonjwa asiye na jamaa, na kumsafirisha aliyepoteza kazi arudi kwao. Nyumba ya mjini haikuwamo katika hesabu zao. Mtu alikuja Mombasa, akafanya kazi bandarini au relini, akapanga chumba, na siku ya kustaafu akafunga mizigo yake akaenda zake. Leo sivyo. Wengi wetu tumezaliwa hapa, watoto wetu wasoma hapa, na kwa baadhi yetu shamba la babu limegawanywa mara nyingi hata haliwezi kupokea nyumba nyingine. Basi mwanachama ajapo mbele ya Halmashauri kuomba mkopo, mara nyingi hasemi tena juu ya nauli wala mazishi. Asema, "Nataka kununua nyumba."

Kabla hatujaendelea, yatupasa kuungama kosa, kwa maana bila kosa hilo hotuba hii isingeandikwa.

Ndugu yetu mmoja, ambaye ametupa ruhusa ya kulisimulia jambo lake bila ya kumtaja jina, aliweka akiba kwa miaka kumi na mmoja. Mkewe alikuwa akiuza vitafunio alfajiri kabla ya kwenda kazini. Walipokuwa wamekusanya shilingi 800,000, Chama kikawakopesha 300,000, wakanunua nyumba kwa 1,100,000 katika mojawapo ya mitaa ya zamani ya mji huu. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili, ya vyumba sita na ukumbi katikati, yenye kuta za udongo na paa la mabati. Dalali aliwaonyesha nyumba, wakaipenda. Karatasi ya mauzo iliandikwa katika ofisi ya Chama, na mkono ulioiandika ni mkono wetu huu. Tuliandika "nyumba". Hatukuandika neno lingine, wala hatukuuliza neno lingine.

Miezi sita baadaye akaja mzee mmoja na daftari. Akasema kwa adabu kwamba yeye ndiye mwenye ardhi, na kwamba nyumba ile hulipiwa kodi ya kiwanja shilingi 1,500 kila mwezi, na kwamba mwenye nyumba wa kwanza aliondoka akiacha deni la miezi 24, yaani shilingi 36,000. Ndugu yetu alikuwa amekwisha kununua mawe na saruji ili abomoe kuta za udongo ajenge za mawe. Mzee akamwambia kwamba hilo halikubaliki bila idhini yake.

Tulimwendea dalali kwa hasira. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mimi niliuza nyumba, na nyumba mmeipata. Hakuna aliyeniuliza habari ya ardhi."

Wazee wetu, jawabu lile lilitunyima usingizi, kwa sababu hatukuweza kulivunja. Dalali yule hakusema uwongo hata mara moja. Ndugu yetu alinunua kitu kimoja akidhani amenunua viwili, na sisi wenye kalamu tuliandika tusilolijua. Anunuaye nyumba kwa mara ya kwanza hana swali la kuuliza, kwa kuwa hajui kwamba swali lipo. Maswali yote ayajua dalali, kwa maana ameuza nyumba mia na mnunuzi hajanunua hata moja. Basi neno letu la leo ni moja tu, nalo twalielekeza kwenu ndugu zetu madalali: msaada mkubwa mnaoweza kumpa mnunuzi wa nyumba ya kwanza ni kumjibu swali ambalo hakuliuliza, tena kabla hajatoa fedha. Baada ya fedha kutolewa, jawabu huwa ni habari ya msiba tu.

Twajua kwamba mtapinga, na mna haki. Dalali huajiriwa na muuzaji, na ujira wake hutoka katika bei. Hatusemi amsaliti aliyemwajiri. Lakini kumtumikia muuzaji hakumruhusu mtu kumwacha mnunuzi atumbukie shimoni akimtazama. Tena kazi hii si ya mtu yeyote tu aliye na simu na miguu miepesi. Sheria ya Mawakala wa Nyumba na Ardhi ya mwaka 1984, ambayo ni Sura ya 533 ya Sheria za Kenya, iliweka Bodi ya kuwasajili, na afanyaye kazi hii bila kusajiliwa avunja sheria. Kwa hiyo msaada wa kwanza kabisa ni dalali kujitambulisha: kuonyesha cheti chake bila kuombwa, na kusema wazi, "Mimi nalipwa na muuzaji, ujira wangu ni kiasi hiki." Mnunuzi akiisha kujua hivyo, ayapima maneno ya dalali kwa mizani iliyo sawa.

Sasa tutataja mambo ambayo twaomba dalali ayaseme kwa kinywa chake mwenyewe.

La kwanza ni kutaja ni kitu gani kinachouzwa. Hapa Pwani jambo hili ni zito kuliko pengine. Desturi ya nyumba bila ardhi ni ya zamani katika mji wetu: huyu ana nyumba, yule ana kiwanja, na baina yao kuna kodi ya kila mwezi na kitabu cha stakabadhi. Desturi hiyo si wizi, na watu wengi wamelea watoto na wajukuu chini yake kwa amani. Lakini bei yake haiwezi kuwa sawa na bei ya nyumba pamoja na ardhi, wala haki yake si sawa. Aliyeinunua hana hati ya ardhi ya kuipeleka benki kuwa rehani, na akitaka kujenga upya, hana budi kupatana na mwenye kiwanja. Basi dalali na aseme: "Hii ni nyumba bila ardhi. Mwenye ardhi ni fulani. Kodi ni kiasi hiki, na stakabadhi ya mwisho ni hii." Maneno hayo hayamalizi hata dakika mbili. Yangalisemwa, ndugu yetu angalinunua kwa bei iliyo haki au angaliacha, na katika hayo mawili hakuna hasara.

Hali kadhalika kwa ardhi ya kukodishwa na Serikali kwa miaka maalumu, dalali aseme miaka iliyobaki ni mingapi. Na kwa vyumba vya ghorofa, ambavyo vijana wetu huvipenda, aseme kama kila chumba kina hati yake. Sheria ya mwaka 2020 juu ya mali za vyumba yaruhusu mwenye chumba kuwa na hati ya chumba chake, lakini si kila jengo limekwisha kutimiza jambo hilo. Aidha aseme malipo ya kila mwezi ya ulinzi, maji na usafi wa jengo ni kiasi gani, kwa maana malipo hayo hayamaliziki hata deni la benki likiisha.

La pili ni hesabu nzima. Dalali hutaja bei, na mnunuzi hudhani bei ndiyo gharama. Tuchukue mfano wa nyumba ya shilingi 4,000,000 hapa mjini. Kwa desturi mnunuzi hutoa sehemu ya kumi kuwa arubuni wakati wa kutia sahihi mkataba, yaani 400,000. Huenda akakaa miaka mingi akiikusanya fedha hiyo, na siku aipatapo ajiona yu tayari. Hayuko tayari bado. Ushuru wa stempu katika miji ni shilingi 4 kwa kila mia, na katika sehemu za mashambani ni shilingi 2. Kwa nyumba yetu ya mfano, ushuru huo peke yake ni 160,000, na tena huhesabiwa kwa thamani ikubaliwayo na mthamini wa Serikali. Juu yake kuna malipo ya wakili, gharama za uchunguzi na usajili, na kama fedha ni za benki, kuna mthamini wa benki na bima. Hayo yote hudaiwa pamoja, na kwa kawaida muda wa kukamilisha mauzo ni siku 90 tu. Mtu akikosa fedha za mwisho, aweza kupoteza hata za mwanzo.

Twaomba basi kila dalali awe na karatasi moja ya hesabu, aijaze pamoja na mnunuzi kabla ya kumwonyesha nyumba hata moja. Jumla ikimtisha mnunuzi, heri atishike siku ile akiwa bado na akiba yake mkononi. Na katika karatasi hiyo yaandikwe pia yasiyomhusu mnunuzi. Kodi ya faida itokanayo na mauzo, ambayo tangu Januari 2023 ni shilingi 15 kwa kila mia ya faida, ni ya muuzaji. Tumesikia wanunuzi wageni wa mambo haya wakiambiwa "tugawane kodi", wakagawana kwa kutojua.

La tatu ni njia za fedha. Si kazi ya dalali kumkopesha mtu, lakini aweza kumwonyesha mlango. Wanachama wengi walio kazini hawajui kwamba tangu mwaka 2020 kanuni za malipo ya uzeeni zaruhusu mtu kutumia sehemu ya akiba yake ya pensheni kununua nyumba ya kukaa, isiyozidi 40 kwa mia ya akiba hiyo na isiyozidi shilingi 7,000,000. Wengine hawajui kwamba anunuaye nyumba yake ya kwanza chini ya mpango wa Serikali wa nyumba za bei nafuu husamehewa ushuru wa stempu. Na sote tulioajiriwa twakatwa shilingi 1 na senti 50 kwa kila mia ya mshahara kwa ajili ya mpango huo, kwa Sheria ya mwaka 2024, ilhali wachache tu miongoni mwetu wamejiandikisha kuomba nyumba zenyewe. Dalali amwambiaye mtu mambo haya huenda akapoteza mauzo ya leo. Lakini mtu yule atamsimulia shemeji yake, na shemeji atamtafuta dalali huyo huyo.

Twaomba tuongeze neno moja hapa kwa wanachama. Msikope kwa ajili ya arubuni mkitumaini kukopa tena kwa ajili ya salio. Halmashauri imeona nyumba mbili zikipotea kwa njia hiyo, na katika zote mbili dalali alijua na hakusema.

La nne ni hati. Dalali mwema hamwonyeshi mnunuzi nakala ya hati na kumwambia "hati ipo". Humwambia, "Nenda pamoja na wakili wako katika ofisi ya usajili wa ardhi mfanye uchunguzi, namba ya ardhi ni hii." Uchunguzi huonyesha jina la mwenye ardhi, na kama ardhi imewekwa rehani, na kama kuna zuio la mtu au la mahakama. Lakini hata uchunguzi huo wa siku moja hautoshi, na mfano twaupata hapa hapa nyumbani.

Kuna ardhi moja katika Nyali, karibu na bahari. Iligawiwa mtu wa kwanza mwaka 1989, ikauzwa kwa kampuni moja, kisha ikauzwa kwa kampuni ya Dina Management. Serikali ya Kaunti ya Mombasa ikasema kwamba mahali pale ni njia ya umma ya kwenda ufuoni, na mwaka 2017 ikabomoa ukuta. Kesi ilipanda ngazi baada ya ngazi mpaka Mahakama ya Juu, ambayo mwezi wa Aprili 2023 iliamua kwamba, maadamu ugawaji wa kwanza haukufuata sheria, aliyenunua baadaye hakupata haki ya kulindwa, ijapokuwa alinunua kwa fedha zake na alishika hati mkononi. Ndugu zangu wanachama, ikiwa kampuni yenye mawakili yaweza kufikwa na jambo hilo, itakuwaje kwa mtu mwenye akiba ya kuuza vitafunio? Fundisho la kesi hiyo ni kwamba hatuna budi kuuliza ardhi ilitoka wapi tangu mwanzo: nani aliigawa, kwa nani, na kwa njia gani. Dalali mwenyeji wa mtaa mara nyingi ayajua hayo kuliko daftari lolote. Ajua uwanja uliokuwa wa kuchezea watoto, ajua njia iliyozibwa, ajua mahali palipokuwa makaburi. Ajuaye hayo akanyamaza, ujira wake una doa.

La tano ni ardhi yenyewe na watu wake. Mnunuzi mgeni huonyeshwa ploti jioni, wakati jua limekwisha kulegea, akaambiwa mpaka ni mnazi ule. Mnazi si mpaka. Dalali na amlete mpimaji, mawe ya mipaka yaonekane, na mnunuzi aende tena siku ya mvua aone maji yapita wapi. Kama ploti imekatwa kutoka shamba kubwa, dalali aseme kama kila ploti imepata hati yake au ingali ndani ya hati ya shamba zima, ile ambayo wengine huiita hati mama. Na kama ni ardhi ya kilimo, kama ilivyo sehemu nyingi za Kilifi na Kwale, mauzo hayana nguvu bila kibali cha Bodi ya Ardhi ya mahali hapo. Sheria hiyo ni ya mwaka 1967, nayo yataka maombi yapelekwe katika miezi 6 tangu kufanya mapatano. Wanunuzi wengi huambiwa "bodi tutaenda baadaye", na baadaye hiyo huja ikiwa muda umekwisha kupita na mapatano yamekuwa karatasi tupu.

Kuhusu watu, dalali na aulize kama muuzaji ana mke au mume. Sheria ya Mali ya Wanandoa ya mwaka 2013 haimruhusu mmoja kuiuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenziwe. Na kama mali ni ya urithi, aulize kama mirathi imekwisha kupitia mahakamani, kwa maana ndugu mmoja hana uwezo wa kuuza mali ya ndugu saba. Vile vile twawaomba madalali wasizungumze na mwanamume peke yake anaponunua na mkewe. Katika jambo la ndugu yetu, mkewe alikuwa ameuliza nyumbani, "Na kiwanja ni cha nani?" Akaambiwa aache, kwa kuwa mambo hayo yanashughulikiwa. Angalisikilizwa na dalali, au na sisi, leo tungekuwa twazungumza juu ya jambo lingine.

La sita ni arubuni. Fedha za mnunuzi si fedha za dalali hata kwa usiku mmoja. Zisitiwe mfukoni mwake wala katika simu yake. Ziende kwa wakili au katika akaunti iliyotengwa kwa ajili ya wateja, na stakabadhi itolewe saa ile ile. Wala zisitolewe kabla ya mkataba wa maandishi, kwa sababu sheria ya mikataba katika Kenya yataka mapatano ya kuuza ardhi yaandikwe, yatiwe sahihi na pande zote, na sahihi hizo zishuhudiwe. Na hati za kuhamisha ardhi ziandikwe na wakili. Sheria ya Mawakili hairuhusu mtu asiye wakili kuziandika kwa malipo, na sisi makarani wa vyama tuishike sheria hiyo hata pale tusipolipwa, kwa maana tumeona matunda ya kalamu yetu. Mnunuzi awe na wakili wake mwenyewe. Dalali amwambiaye mnunuzi "tumia wakili wa muuzaji, utaokoa fedha" amwokolea kidogo na kumtia hatarini kwa kingi.

Bwana Mwenyekiti, tulipowasomea baadhi ya wazee maneno haya kabla ya mkutano, walitoa mashaka mawili, nasi twaona ni vema kuyajibu mbele ya wote.

Mzee mmoja alisema kwamba zamani mtu aliuza shamba mbele ya mashahidi watatu, wakala pamoja, na neno likasimama mpaka kaburini. Twamheshimu kwa hilo, na ni kweli. Lakini mashahidi wale waliijua ardhi na waliwajua wauzaji na baba zao. Mjini muuzaji ametoka huku, mnunuzi kule, na dalali ndiye peke yake awajuaye wote wawili. Ushahidi ule wa majirani sasa umemwangukia yeye. Ndiyo sababu twamdai mengi.

Shaka la pili lilitoka kwa ndugu yetu dalali aliye mwanachama. Alisema, "Nikimwambia mnunuzi yote haya, dalali mwingine asiyesema atauza kabla yangu, na watoto wangu watalala njaa." Hili ni neno la kweli, na hatutaki kulipuuza kwa mithali. Dalali huzunguka wiki nzima juani, hulipa nauli yake, na mara nyingine mnunuzi na muuzaji hupatana nyuma yake wakamnyima haki yake. Kwa hiyo nasi wanunuzi tuna wajibu. Tusimzunguke dalali aliyetuonyesha nyumba. Ujira wake uandikwe mapema, ili asiwe na hofu ya kuupoteza akisema ukweli. Dalali asiyeogopa njaa huwa na ulimi mwepesi wa kusema, "Nyumba hii usiinunue."

Kwa hiyo Halmashauri yaleta mbele yenu mapendekezo manne, ili mkutano uyakubali au uyakatae:

1. Chama kiweke daftari la madalali waliosajiliwa na Bodi, ambao wamekubali kutia sahihi karatasi ya maswali tuliyoyataja. Mwanachama akinunua kwa njia ya dalali aliye katika daftari, ujira wa dalali ulindwe na Chama.

2. Mkopo wa nyumba usitolewe mpaka karatasi hiyo imejazwa, uchunguzi umefanywa, na wakili wa mnunuzi ametia sahihi yake.

3. Mke na mume wanaonunua pamoja waje mbele ya Halmashauri pamoja, na kila mmoja aulizwe peke yake kama ana shaka lolote.

4. Karani wa Chama asiandike tena mapatano ya kuuza nyumba wala ardhi. Pendekezo hili twaliunga mkono sisi wenyewe kwa moyo wote.

Imebaki kuwaeleza mwisho wa jambo la ndugu yetu. Wazee watatu wa Chama walimwendea mwenye ardhi. Aliwapokea vizuri, akasamehe nusu ya deni lililoachwa, na nusu, shilingi 18,000, ikalipwa. Dalali, ingawa hapakuwa na wa kumlazimisha, alileta sehemu ya udalali wake ofisini siku ya Ijumaa baada ya sala, akasema ni ya kusaidia deni hilo. Tuliipokea, na yumo pamoja nasi leo katika ukumbi huu. Naye ndiye wa kwanza kuahidi kutia sahihi karatasi ya maswali. Ruhusa ya kujenga kwa mawe haijapatikana. Mawe yangali uani, na saruji iliuzwa kabla haijaganda. Kila mwezi ndugu yetu hulipa shilingi 1,500, na mkewe ndiye ashikaye kitabu cha stakabadhi, kwa kuwa wamepatana kwamba tangu sasa maswali yote atauliza yeye.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tukikubali mapendekezo haya, daftari litafunguliwa Jumatatu, na ukurasa wa kwanza utakuwa na swali moja juu kabisa, ambalo dalali atalijibu kwa maandishi kabla ya jambo lingine lolote: "Na kiwanja ni cha nani?"